Mgonjwa Aliyevunjika Mgongo Akirudi Nyumbani



Kila msimu wa maembe, na kila nazi zinapoangushwa, wapo wanaoletwa hospitalini wamelazwa juu ya mlango uliong'olewa, au kwenye kitanda cha kamba, miguu imelegea kama nguo. Siku hizi wameongezeka na wale wa bodaboda. Utafiti uliofanyika upande wa Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa watu wanaoumia uti wa mgongo, kuanguka kunashika nafasi ya kwanza, na ajali za barabarani zinafuata. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 15 wanaishi na majeraha ya namna hiyo.

Ukurasa wetu mwezi huu hautazungumzia upasuaji. Hayo tuwaachie madaktari. Tutazungumzia siku mgonjwa anaporudi nyumbani, gari linapoondoka, majirani wanapomaliza kutoa pole, na mama anapobaki na mwanawe kitandani bila kujua aanzie wapi. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, na jambo lililonisumbua kuliko yote ni hili: wengi wa hawa hawafi kwa sababu ya kuvunjika. Hufa nyumbani, miezi baadaye, kwa kidonda cha makalioni na kwa mkojo uliooza kibofuni. Vyote viwili vinazuilika kwa vitu vilivyomo ndani ya nyumba ya maskini.

Yupo kijana mmoja ambaye amenipa ruhusa kusimulia habari zake ila nisitaje jina lake wala kijiji chake. Hapa tumwite Mkwezi, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

MNAZI WA SABA

Asubuhi ile alikuwa amekwisha panda minazi sita. Wa saba ulikuwa na kuti bovu. Alianguka chali, na rafiki zake kwa upendo wao wakamshika wawili mikono, wawili miguu, wakamkimbiza barabarani. Ndugu msomaji, tusimame hapa kidogo. Mtu aliyeanguka kutoka juu, au aliyegongwa na gari, akisema mgongo au shingo vinamwuma, au miguu haina nguvu, asiinuliwe hivyo hata kidogo. Pingili zilizovunjika zinaweza kukata kile ambacho anguko lenyewe halikukata. Aachwe kwanza alipo, asikalishwe, asipewe maji. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kisigeuke. Wengine watatu au wanne wamgeuze kwa pamoja, kama gogo, kichwa na kiwiliwili na miguu vikienda mara moja, kisha ubao au mlango uingizwe chini yake. Afungwe kwa kanga juu ya ubao huo, ndipo abebwe.

Mkwezi alilazwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Mfupa ulishughulikiwa vizuri. Alipotoka, karatasi yake iliandikwa kwamba aendelee na mazoezi nyumbani. Mazoezi gani? Hakuna aliyemwonyesha mama yake. Mimi nilifika kwao baada ya wiki sita, nikiwa nimeitwa na mwenyekiti wa jumuiya yao, na nilipomgeuza nilikuta kidonda ambacho ngumi yangu ingeweza kuingia. Mama wa watu alikuwa amemlaza chali siku zote hizo bila kumgusa, akiamini kwamba mfupa unataka utulivu. Tena alikuwa amempunguzia maji ya kunywa ili asilowanishe kitanda. Aliniambia, "Nesi, nilidhani namtunza." Nami niliona aibu, maana kosa lilikuwa letu sisi wenye taaluma.

NI KITU GANI KILICHOKATIKA?

Ndani ya pingili za mgongo hupita kamba laini ya mishipa ya fahamu, unene wake kama kidole chembamba, ambayo wataalamu huiita ugwe-mgongo. Hiyo ndiyo njia ya habari kati ya ubongo na mwili. Ikiumia shingoni, mikono na miguu yote huathirika, na pengine hata kupumua. Ikiumia kifuani au kiunoni, mikono hubaki salama lakini miguu hupooza. Mkwezi aliumia pingili ya mwisho ya kifua. Mikono yake ni mizima kabisa, lakini kuanzia kwenye nyonga kwenda chini hahisi kitu, hata kaa la moto.

Je, atapona? Hapa nasema wazi, kwa sababu nimeona familia zikiuza shamba. Ugwe ulioumia nusu unaweza kurudisha nguvu kiasi fulani, na mara nyingi nguvu hizo huonekana zaidi katika miezi sita hadi kumi na miwili ya kwanza. Uliokatika kabisa, dawa ya kuuunganisha haijapatikana, iwe ya hospitali au ya mitishamba. Mkandaji anayemkanda mgonjwa huyu kwa nguvu aweza kumvunja paja, kwa kuwa mifupa isiyobeba uzito hudhoofika. Maji ya moto na majani ya kuchomea humwunguza bila yeye kujua. Tumwombee, tena tumwombee sana, lakini fedha za shamba zisiende huko.

KIDONDA CHA KULALIA

Wewe na mimi tukikaa mahali pamoja muda mrefu huanza kujipindua bila kufikiri. Maumivu madogo ndiyo yanayotuamuru. Mtu asiyehisi hapati amri hiyo. Ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, hufa, na kidonda huanza chini kwa chini, karibu na mfupa, kabla hakijaonekana juu.

Basi mgonjwa wa kitandani ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku. Upande wa kulia, chali, upande wa kushoto. Kwa tumbo pia, kama anaweza kuvumilia. Najua usiku ni mgumu. Kwa Mkwezi tulipanga zamu na jumuiya: vijana wawili waliamka saa sita na saa nane, mama akashika saa kumi. Walifanya hivyo wiki tisa. Mito ya pamba au nguo kuukuu zilizokunjwa ziwekwe kati ya magoti na chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Shuka isiwe na mikunjo wala makombo ya mkate.

Akisha kuanza kukaa kwenye kiti cha magurudumu, ajiinue kwa mikono, au ainamie mbele mpaka kifua kiguse mapaja, kila baada ya dakika 15 hadi 30, kwa dakika moja au mbili hivi. Asikae kwenye kiti kitupu bila mto wa sponji nene. Na kila asubuhi na jioni ngozi itazamwe yote, kwa kioo kidogo kama yuko peke yake: mgongo wa chini, makalio, nyonga, visigino, vifundo. Vitabu vingi huandika kwamba ngozi huwa nyekundu. Kwetu haionyeshi wekundu. Tafuta mahali palipokoza weusi, panapong'aa, panapoguswa pana joto au pamekuwa pagumu kuliko pengine. Ukipaona, pasilaliwe tena hata mara moja mpaka pawe kama zamani.

MKOJO NA CHOO

Kibofu cha mtu aliyepooza hakimwambii kwamba kimejaa. Mkojo ukikaa huoza, na ukirudi juu huharibu figo. Zamani ndiyo iliyokuwa njia kubwa ya kifo kwa watu hawa. Mpira wa kudumu husaidia mwanzoni, lakini kwa wengi njia iliyo bora ni kupitisha mpira mwembamba, kutoa mkojo, na kuuondoa mpira, kila baada ya saa nne hadi sita. Mgonjwa mwenye mikono mizima hufundishwa na kujifanyia mwenyewe. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla. Anywe maji kama watu wote, kwa kipimo atakachoambiwa na muuguzi. Kumnyima maji ni kumdhuru. Homa, kutetemeka, mkojo wenye harufu kali au uliochafuka, apelekwe zahanati siku hiyohiyo.

Choo nacho kifundishwe saa. Kila siku au siku moja baada ya moja, wakati uleule, baada ya chai au uji, akae. Muuguzi amwonyeshe mlezi jinsi ya kusaidia kwa kidole kilichovaa glovu na kupakwa mafuta. Mambo haya hatupendi kuyataja, na kwa kutotajwa yamewafungia watu chumbani miaka mingi kwa hofu ya kujichafua mbele za wageni.

Kuna hatari moja ambayo hata baadhi yetu wauguzi tunaisahau. Mtu aliyeumia pingili ya sita ya kifua au juu yake, akishikwa ghafla na kichwa kuuma vibaya, jasho usoni na moyo kwenda polepole, shinikizo la damu lake linapanda kwa kasi. Mara nyingi sababu ni kibofu kilichojaa au mpira uliokunjika. Akalishwe wima mara moja, nguo zilegezwe, mpira ukaguliwe na mkojo utolewe. Kama ni choo kilichoziba, mwenye ujuzi akishughulikie. Isipotulia upesi, hospitali haraka.

DAKTARI ALIYEKATAA KUWAACHA WAFE

Huenda msomaji akauliza: baada ya kazi yote hii, mtu huyu aishi kwa ajili ya nini? Nimeulizwa swali hilo waziwazi na baba mmoja wa familia, tena mtu wa sala. Swali hilo lilikwisha ulizwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Askari waliovunjika mgongo walilazwa pembeni, wakapewa dawa za kutuliza, wakangojewa wafe, kama wenzao wa vita ya kwanza walivyokufa wengi wao. Mwezi Februari 1944 serikali ilimkabidhi wodi mpya katika hospitali ya Stoke Mandeville daktari mmoja mkimbizi, Ludwig Guttmann, Myahudi wa Ujerumani aliyekuwa ameukimbia utawala wa Hitler mwaka 1939.

Guttmann aliagiza wagonjwa wageuzwe kila saa mbili, na yeye mwenyewe alikuwa akifika usiku kuhakikisha kwamba agizo linafuatwa. Vibofu vilitunzwa kwa usafi mkali. Wagonjwa wakaacha kufa. Hapo ndipo tatizo la pili likajitokeza: vijana wazima wa akili, wamelala, hawana la kufanya. Akaleta karakana. Walitengeneza vitu vya mbao, wengine saa. Akaleta michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ilipofunguliwa London, watu 16 waliokuwa kwenye viti vya magurudumu, wanaume 14 na wanawake 2, walishindana kulenga shabaha kwa upinde na mshale katika uwanja wa hospitali hiyo. Mashindano hayo yalikua, na mwaka 1960 yalifanyika Roma, wanamichezo wapatao 400 wakitoka nchi 23. Papa Yohane XXIII aliwapokea, akamlinganisha daktari huyo na Coubertin, yule Mfaransa aliyeifufua Olimpiki. Leo tunayaita Paralimpiki.

MBUZI WA KWANZA

Turudi kwa Mkwezi. Kidonda kilipoanza kujaa nyama, alikuwa haongei. Alitazama makuti ya paa kutwa nzima. Chakula alikula vijiko viwili. Katekista akija, aligeukia ukutani. Nilihofia hilo kuliko kidonda, kwa sababu mgonjwa aliyekata tamaa hajiinui kwenye kiti, hanywi maji, na ngozi yake hufa tena.

Fundi seremala mmoja wa jumuiya ndiye aliyempatia dawa, naye hakujua kwamba ni dawa. Alikuwa na kazi nyingi za Pasaka, akaja na kipande cha mti na tezo ndogo, akamwambia, "Bwana mdogo, wewe una mikono na mimi sina nafasi. Nichongee mbuzi." Mbuzi ya kukunia nazi, maana yake, kile kibao ambacho mama zetu hukikalia. Mkwezi alimjibu kwamba yeye ni mtu wa kupanda, siyo wa kuchonga. Fundi akaacha kipande pale akaondoka.

Mbuzi ile ya kwanza ilikuwa mbovu, miguu imepishana. Ya tatu iliuzwa. Ya nne aliipamba ubavuni kwa nakshi ya jani la mnazi, bila kuambiwa na mtu. Sitaki kumsifu fundi kupita kiasi, maana malipo aliyatoa polepole, lakini nakumbuka siku niliyokuta shavings, yale mavumbi ya randa na vibanzi, vimetapakaa kitandani na mama mtu anafagia huku anacheka. Nikawaonya jambo moja: asichonge juu ya mapaja. Tezo likiteleza hatahisi, atakuja kuona damu. Tulimwekea ubao mpana wa kufunika miguu.

Kwa nini kazi ya mikono huponya? Wataalamu wa tiba kwa kazi hueleza mengi: misuli ya mabega na ya mgongo wa juu hupata nguvu, mtu hujifunza kukaa bila kuanguka, akili hupata jambo la kupanga kesho. Wakatoliki tunao mfano wetu wa kale. Mwezi Mei 1521 mwanajeshi Ignasi wa Loyola alipigwa na mzinga mjini Pamplona, mguu mmoja ukavunjika vibaya na wa pili ukajeruhiwa. Mfupa uliungwa vibaya ukavunjwa tena. Alipokuwa kitandani aliomba vitabu vya mashujaa wa vita, wakakosa, wakampa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Habari hiyo tunaijua sote. Kisichosimuliwa sana ni kwamba alianza kunakili alichosoma, kwa mwandiko mzuri, maneno ya Kristo kwa wino mwekundu na ya Mama Maria kwa wino wa buluu, mpaka akajaza karatasi zipatazo 300. Alichechemea maisha yake yote.

Katika nchi zetu kazi hizi zimekwisha fanyika. Bombolulu, Mombasa, karakana ya watu wenye ulemavu ilianza mwaka 1969, nao wakajulikana kwa mapambo na ufundi wao. Iringa, ndugu zetu Waanglikana walianzisha Neema Crafts mwaka 2003 wakiwa na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Msicheke; watalii waliinunua.

ANAYESHINDWA KUSEMA AWEZA KUIMBA

Wapo walioumia kichwa, hasa wa bodaboda wasiovaa kofia ngumu. Hao pengine hutembea, lakini maneno yamepotea. Anajua anachotaka kusema na ulimi haumpi. Ndugu hudhani amekuwa mwendawazimu, wakaanza kuzungumza mbele yake kana kwamba hayupo.

Usemi, kwa watu wengi, huongozwa na upande wa kushoto wa ubongo. Wimbo hutumia pande zote mbili. Ndiyo maana mtu asiyeweza kutamka jina la mkewe aweza kuimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani aliouzoea tangu utoto. Gabrielle Giffords, mbunge wa Marekani, alipigwa risasi ya kichwa tarehe 8 Januari 2011 huko Tucson, Arizona. Alipozinduka hakuwa na maneno. Mtaalamu wa tiba kwa muziki aliimba pamoja naye, sentensi ndogondogo zikatiwa sauti ya wimbo, na kidogo kidogo baadhi ya maneno yakarudi. Hata baada ya miaka mingi alisema kwa shida, lakini alisema.

Nyumbani tufanyeje? Imba naye pole pole, ukiwa umekaa mbele ya uso wake, mkigonga mapigo kwa mkono. Kisha maneno ya kila siku yatiwe sauti hiyohiyo: nataka maji, naumwa, habari za asubuhi. Dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Usimkamilishie neno haraka. Hata kwa aliyeumia shingo, ambaye kifua chake ni dhaifu, kuimba hufanyisha kazi misuli ya kupumua. Wanakwaya wanaokwenda kumtembelea mgonjwa wasimwimbie tu yeye akisikiliza. Wampe sauti yake aimbe.

MBUZI WA PILI

Mwenye shamba aliyekuwa amemtuma Mkwezi kupanda alichelewa kuja kutoa pole. Alipokuja, mwezi wa tano, alikuja na mbuzi jike, safari hii wa kweli, mwenye miguu minne. Nadhani aliona ni fidia ndogo kwa dhamiri yake. Walimfunga nyuma ya nyumba.

Mpaka siku hiyo Mkwezi alikuwa hajatoka nje ya mlango, ingawa kiti cha magurudumu alikuwa nacho. Aliona haya. Watoto wangemtazama. Lakini mbuzi hupiga kelele akiona njaa, na mama alikuwa ameenda mtoni. Mbuzi alilia mpaka Mkwezi akajisukuma kwenye kiti, akatoka, akampa majani. Jioni hivyo hivyo. Baada ya wiki mbili nilimkuta chini ya mwembe, ameshika kamba kwa mikono miwili na mbuzi anavuta upande wake, yeye anavuta upande wake, wanabishana. Mazoezi niliyokuwa nikimbembeleza ayafanye kwa mpira wa baiskeli, mbuzi alimfanyisha bure. Nilimuuliza kwa nini anampenda vile. Akasema, "Huyu haniulizi nimepatwa na nini."

Jambo la wanyama kusaidia waliojeruhiwa lina historia. Florence Nightingale, mama wa uuguzi wa kisasa, aliandika zamani kwamba mnyama mdogo ni mwenzi mzuri wa mgonjwa wa muda mrefu. Mwaka 1916, katika mji wa Oldenburg, Ujerumani, ilifunguliwa shule ya kufundisha mbwa kuwaongoza askari waliopofushwa vitani. Bi Lis Hartel wa Denmark alipooza kwa polio mwaka 1944, akiwa mjamzito. Alirudi kwenye farasi wake ingawa chini ya magoti hakuwa na nguvu na ilibidi apandishwe. Mwaka 1952, katika Olimpiki ya Helsinki, alipata medali ya fedha akishindana na wanaume, na yule Msweden aliyemshinda ndiye aliyemsaidia kupanda jukwaani. Tangu hapo tiba ya kupanda farasi ilienea Ulaya, kwani mwendo wa farasi huchezesha nyonga za mpandaji kwa namna inayofanana na mtu anayetembea, na mwili hujifunza kujishika.

Sisi farasi hatuna. Tuna kuku, sungura, njiwa, mbuzi. Banda la kuku lijengwe juu kidogo, kimo cha mtu aliyekaa, mlango upande wa mbele, ili aokote mayai bila kuinama. Sungura hukaa kwenye paja, na mtoto aliyeumia mkono humsugua manyoya kwa mkono uleule aliokataa kuunyoosha kwa daktari. Ila tahadhari zishikwe. Mbwa na paka wachanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka. Mnyama asilambe kidonda wala mpira wa mkojo. Asilale chumbani kwa mgonjwa. Mbuzi anapozaa, asishikwe kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshwe. Mikono ioshwe kabla ya kushika mpira wa mkojo. Nalirudia hilo kwa sababu nimeona likisahauliwa.

MAMBO YA NYUMBA NA YA ROHO

Kabla ya kununua chochote, pima mlango. Nimeona kiti kizuri cha msaada kikikaa uani mwaka mzima kwa sababu kilizidi mlango kwa vidole viwili. Kwa njia zetu za mchanga na mawe, kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu la mbele lililo mbali hupita vizuri kuliko vile vya wodini. Chooni, kiti cha mbao chenye tundu, kisicho na ncha kali, huwekwa juu ya shimo. Viungo vya miguu vinyooshwe kila siku, taratibu, nyayo zikae wima zisianguke kama za mcheza ngoma, vinginevyo hata kiti hakitamkubali.

Wenye ndoa wasidhani ndoa imekwisha. Mwanamke aliyevunjika mgongo aweza kushika mimba na kuzaa, akiwa chini ya uangalizi wa hospitali. Mwanamume aongee na daktari bila haya.

Tena kuhusu Mpako wa Wagonjwa. Bado wako wanaomficha mgonjwa padre akikaribia, kwa kudhani kwamba mafuta yale ni tangazo la kifo. Sakramenti hii ni ya mgonjwa aliye katika hatari, siyo ya anayekata roho tu, na hali ikizidi kuwa mbaya anaweza kuipokea tena. Mkwezi alipakwa kidonda kikiwa kimeoza na homa iko juu. Padre alimkuta hasemi, akakaa kitandani kwake muda mrefu naye asiseme.

Katika Injili ya Marko, sura ya pili, wamo watu wanne waliombeba mwenye kupooza mpaka wakatoboa paa la nyumba ya watu. Jumuiya ya Mkwezi ilihitaji watu wawili tu kila usiku na saa ya mezani ya kuamsha. Ile saa waliichanga.

Mbuzi jike amezaa mara mbili. Mkwezi huchonga asubuhi, mchana huenda chini ya mwembe. Nilipopita mwezi uliopita nilitaka kununua mbuzi ya nazi kwa ajili ya dada yangu. Nilimpa bei niliyozoea kumpa. Akanitazama, akaigeuza mbuzi nione nakshi upande wa pili, akaniambia bei hiyo ni ya zamani, Nesi, wakati nilipokuwa sijui kazi.